Anayeuliza na Anayejibu: Nafasi ya Msikilizaji Katika Vitabu vya Fizikia na Falaki kwa Wasomaji wa Kawaida, 1632–1988

Mnamo Februari 1632 kilitoka mitamboni mjini Florence kitabu cha Galileo Galilei kiitwacho Dialogo sopra i due massimi sistemi del mondo. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiitaliano, si kwa Kilatini. Miaka 22 kabla ya hapo, yaani mwaka 1610, Galileo huyo huyo alikuwa ametangaza kwa Kilatini, katika kijitabu cha Sidereus Nuncius, habari za milima ya mwezini na za miezi minne inayoizunguka Mshtarii. Wakati huo alikuwa akisema na wataalamu wa Ulaya nzima. Mwaka 1632 alitaka hadhira nyingine: waungwana, wafanyabiashara, mafundi na maafisa waliojua kusoma lugha ya nyumbani kwao lakini hawakupita katika vyuo. Uamuzi huu wa lugha uliandamana na uamuzi wa fani. Kitabu hicho ni mazungumzo ya siku nne, katika jumba la Sagredo huko Venice, baina ya watu watatu: Salviati, anayeitetea nadharia ya Copernicus, Simplicio, mfuasi wa Aristotle, na mwenyeji wao Sagredo, mtu mwerevu asiye mtaalamu, ambaye kazi yake kubwa ni kusikiliza, kushuku na kuuliza.

Historia ya vitabu vinavyoieleza fizikia na falaki kwa wasomaji wa kawaida aghalabu husimuliwa kama historia ya mawazo: nani alimweleza nani kuhusu Newton, nani alimfafanua Einstein. Kwa mhakiki wa fasihi, hata hivyo, kuna swali la awali zaidi. Katika matini hizi, nani anaruhusiwa kuuliza? Makala haya yanadai kwamba mhusika msikilizaji, ambaye kwa muda mrefu alichukuliwa kuwa pambo la kulainisha maarifa magumu, ndiye aliyebeba dhima nzito kuliko zote. Yeye ndiye wakili wa msomaji ndani ya matini. Alipoondolewa, istiari za mwanasayansi zilibaki bila mtu wa kuzihoji ukurasani, na kazi hiyo ikabidi ifanywe na watu waliokuwa nje ya kitabu.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ataitambua fani hii upesi. Ngonjera, kama zilivyosanifiwa na Mathias Mnyampala katika Ngonjera za UKUTA (1970), zina mhusika asiyejua na mhusika ajuaye. Asiyejua hubisha, ajuaye hufafanua, na mwishowe mbishi hukubali, pengine wote wakamaliza kwa kauli moja. Lawama iliyotolewa mara nyingi dhidi ya utanzu huu ni kwamba ubishi wake ni wa bandia: mbishi ameumbwa ili ashindwe. Lawama hiyo ina uzito, na inavigusa pia vitabu vinavyozungumziwa hapa. Lakini Dialogo ni ngonjera iliyokataa kufungwa. Simplicio hasilimu. Amri ya Kanisa ya mwaka 1616 ilikuwa imeikataza nadharia ya Copernicus isitetewe kama ukweli, na idhini ya kuchapisha ilitolewa kwa sharti kwamba suala liachwe bila hukumu. Papa Urban VIII alitaka pia hoja yake mwenyewe iingizwe, kwamba Mungu aweza kuyaleta matukio ya maumbile kwa njia ambazo akili ya binadamu haiwezi kuzikisia. Galileo aliiingiza, mwishoni kabisa. Akaitia kinywani mwa Simplicio. Mwaka 1633 alishtakiwa Roma na kulazimishwa kuikana nadharia hiyo, kisha akawekwa kizuizini nyumbani kwake hadi alipofariki mwaka 1642. Kitabu kilibaki katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku hadi toleo la orodha hiyo la mwaka 1835. Mashtaka yalikuwa na sababu nyingi, na wanahistoria hawajaacha kuzibishania. Hata hivyo ni nadra katika historia ya fasihi kwa suala la maneno gani yasemwe na mhusika gani kuwa na gharama ya namna hiyo.

Usiku wa bustanini

Miaka 54 baadaye, Bernard le Bovier de Fontenelle alichapisha mjini Paris Entretiens sur la pluralité des mondes (1686). Hapa mabishano ya Venice yamegeuka kuwa maongezi ya usiku bustanini. Msimulizi, kijana msomi, anamtembelea bibi mmoja wa kikabaila, Marquise, shambani kwake, na kwa usiku tano mfululizo wanatembea chini ya nyota wakizungumzia iwapo mwezi na sayari zina wakazi. Toleo la 1687 liliongeza usiku wa sita, na mwaka huo huo kitabu kikaingizwa katika ile orodha ya marufuku ya Roma.

Fontenelle anaanza kwa istiari ambayo imerithiwa na waandishi wengi waliomfuata: maumbile ni kama jumba la opera. Watazamaji waliokaa vitini humwona mhusika akipaa angani na hustaajabu. Fundi aliyefichika miongoni mwao huwaza kamba na magurudumu yaliyo nyuma ya pazia. Falsafa, kwa maoni haya, ni udadisi wa fundi. Uzuri wa istiari hii ni kwamba haimwondolei mtazamaji starehe yake. Marquise anataka kujua kamba ziko wapi, na papo hapo anataka opera iendelee.

Yafaa isisitizwe kwamba sayansi iliyomo ndani ya kitabu hiki ilipitwa na wakati mara tu kilipotoka. Fontenelle alifuata nadharia ya Descartes kwamba sayari hubebwa na mikondo mikubwa ya mada inayozunguka jua kama vijiti ndani ya maji ya mzingo. Mwaka 1687 ilichapishwa Principia ya Isaac Newton, kwa Kilatini na kwa hisabati nzito, iliyoibomoa hoja hiyo. Fontenelle, aliyekuwa katibu wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa tangu 1697, hakushawishika. Hata mwaka 1752, akiwa na umri wa miaka 95, alichapisha kitabu kingine cha kuitetea mikondo ya Descartes. Na bado Entretiens iliendelea kusomwa na kutafsiriwa. Fizikia yake ilikufa. Marquise wake akaishi. Hilo ni jambo la fasihi, si la fizikia.

Aliyeiona kasoro ya Marquise mapema kuliko wengine alikuwa mwanamke. Aphra Behn, mwandishi wa tamthilia na nathari aliyeishi kwa kalamu yake mjini London, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1688. Katika dibaji yake, ambayo ni mojawapo ya maandishi muhimu ya awali ya Kiingereza kuhusu tafsiri, analalamika kwamba Fontenelle amemfanya Marquise aseme upuuzi mtupu katika ukurasa mmoja, kisha katika ukurasa mwingine atamke mambo ambayo hata wanafalsafa wakubwa wa Ulaya wasingeweza kuyapita. Kwa istilahi za uhakiki, Behn analalamikia usawiri wa mhusika: Marquise hana umoja wa nafsi kwa sababu mwandishi humtumia kila anapohitaji swali, na swali linalohitajika halifanani siku zote. Hakuna mhakiki wa ngonjera aliyelisema jambo hili kwa uwazi zaidi.

Francesco Algarotti, Mwitaliano, aliiga fani hiyo katika Il Newtonianismo per le dame (1737), safari hii kwa ajili ya Newton na nadharia yake ya nuru na rangi. Elizabeth Carter alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1739. Humo mna mzaha mmoja uliopata umaarufu. Akiisha kuelezwa kwamba nguvu ya uvutano hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha umbali, Marchesa anadai kanuni hiyo hutawala mapenzi pia, kwa kuwa baada ya siku nane za kutoonana mapenzi huwa yamepungua mara 64. Wapo wanaouona mzaha huu kuwa upuuzi wa kuwafurahisha mabibi. Lakini hesabu yake ni sahihi: nane mara nane ni 64. Msikilizaji ameishika kanuni, ameihamisha kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na amemtania mwalimu wake kwa kutumia chombo cha mwalimu mwenyewe. Ndipo mahali pekee katika kitabu hicho ambapo msomaji ana ushahidi kwamba kuna mtu aliyeelewa.

Marquise halisi alikuwapo wakati huo huo. Voltaire alipotoa Éléments de la philosophie de Newton mwaka 1738, alikitabaruku kitabu kwa Émilie du Châtelet, na akatia kijembe kwamba hapa hapana Marquise wa kubuni wala falsafa ya kubuni. Kijembe kilimlenga Fontenelle. Du Châtelet alikuwa mwanahisabati. Alimsaidia Voltaire katika kazi hiyo, kisha akaitafsiri Principia yote kwa Kifaransa pamoja na ufafanuzi wake. Alifariki mwaka 1749, siku chache baada ya kujifungua, na tafsiri yake ikachapishwa kikamilifu mwaka 1759. Aliyekuwa amewekwa bustanini kuuliza maswali alikuwa ameketi mezani akiyajibu.

Karne ya kumi na tisa iliyahamisha maongezi kutoka bustanini hadi darasani. Jane Marcet, katika Conversations on Chemistry (1806) na baadaye Conversations on Natural Philosophy (1819), alimweka mwalimu wa kike, Bi. B., mbele ya wanafunzi wawili, Emily mtulivu na Caroline mwenye haraka ya kubisha. Miongoni mwa waliokisoma kile cha kwanza alikuwamo Michael Faraday, wakati huo mwanagenzi katika karakana ya kujalidi vitabu mjini London, naye hakuacha kumtaja Marcet kwa heshima hata alipokuwa mwanasayansi mkubwa. Mary Somerville aliachana na fani hiyo. On the Connexion of the Physical Sciences (1834) hakina Caroline wala bustani. Kuna sauti moja tu, tulivu na yenye mamlaka, inayosafiri kutoka mwezini hadi kwenye sumaku. Kwa mwanamke wa zama zile, kuizungumza sauti hiyo bila kujificha nyuma ya mhusika lilikuwa tendo la ushujaa. Sauti hiyo ilipokuja kushikwa na wanaume wenye vyeo vya Cambridge, mambo yalibadilika.

Meza ya Eddington

Arthur Eddington alikuwa ameongoza safari ya kisiwa cha Príncipe, pwani ya Afrika ya Magharibi, kupiga picha za kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, picha zilizotumika kuithibitisha nadharia ya Einstein kuhusu kupinda kwa nuru. Mihadhara yake ya Edinburgh ya mwaka 1927 ilichapishwa mwaka uliofuata kwa jina The Nature of the Physical World. James Jeans alitoa mhadhara Cambridge mnamo Novemba 1930, na mwezi huo huo ukatoka kama kitabu, The Mysterious Universe. Vitabu hivi viwili viliuzwa kwa wingi usiokuwa wa kawaida kwa vitabu vya aina yake.

Eddington anafungua kwa kudai kwamba ameketi kwenye meza mbili. Ya kwanza ni ya kila siku, nzito na gumu. Ya pili ni ya kisayansi, ambayo karibu yote ni utupu uliotawanyikiwa na chembe za umeme zinazokwenda kasi. Ya pili, anasema, ndiyo meza iliyopo kweli. Mahali pengine anamsawiri mwanafizikia anayesita mlangoni: akanyage vipi ubao unaokwenda kasi ya maili 20 kwa sekunde kulizunguka jua, ubao usio na ugumu wowote, kama kundi la nzi? Ni maandishi ya kuchekesha na ya kupendeza. Na hamna mtu mlangoni wa kumwuliza lolote.

Swali hilo liliulizwa mwaka 1937 na L. Susan Stebbing, profesa wa falsafa London, katika Philosophy and the Physicists. Sura yake ya kwanza inamhusu hasa msomaji wa kawaida na mwanasayansi anayemwandikia. Hoja yake kuhusu ubao ni fupi na bado haijajibiwa vizuri. Neno "gumu" lina maana kwa sababu lugha inalitumia kuutofautisha ubao na uji, au mwamba na ukungu. Atakayesema ubao si mgumu hana budi aonyeshe kitu kilicho kigumu, ambacho ubao umeshindwa kufanana nacho. Asipokuwa nacho, hajagundua siri ya ubao, bali amelinyang'anya neno maana yake na kumwachia msomaji kizunguzungu. Fizikia imeeleza ugumu wa ubao unatokana na nini. Haijaufuta. Kwa Jeans, Stebbing alikuwa mkali zaidi, kwani aliona lugha ya hofu na upweke ikitumiwa kumlainisha msomaji kabla hoja haijafika.

Jeans anastahili kutazamwa kwa makini. Anaufungua ulimwengu wake kwa taswira ya binadamu aliyeachwa juu ya kipande cha chembe ya mchanga, katikati ya mbingu isiyomjali. Taswira hiyo ilitegemea nadharia aliyoitetea, kwamba sayari zilizaliwa pale nyota ngeni ilipopita karibu na jua na kuvuta mada kutoka kwake, tukio la nadra mno. Kwa hiyo sayari ni chache, na uhai ni bahati isiyotarajiwa. Nadharia hiyo iliachwa. Tangu 1995, ilipotangazwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na jua, sayari za nje zilizothibitishwa zimezidi 5,000. Kuhusu wingi wa malimwengu, Fontenelle na mikondo yake potofu alikisia vyema kuliko Jeans na hisabati zake. Tofauti ni kwamba Fontenelle alikuwa na mtu wa kumwambia kwamba huenda anatania.

George Gamow alijaribu kumrudisha msikilizaji. Bwana Tompkins wake, aliyeanza kuonekana katika jarida la Discovery mwaka 1938, ni karani wa benki anayehudhuria mihadhara ya profesa, anasinzia, na kuota mji ambamo kasi ya nuru ni ndogo hivi kwamba waendesha baiskeli huonekana wamebanwa wakawa wembamba. Hata herufi za jina lake, C. G. H., ni alama za viwango vitatu vya kudumu katika fizikia. Tompkins haulizi sana. Yeye huyaona mambo kwa mwili wake, huogopa, huamka. Ni msikilizaji wa zama ambazo maelezo yamekuwa magumu kiasi kwamba njia ya kuyafikia ni usingizi. Na hilo si dosari ya Gamow.

Shimo jeusi

Kitabu cha Stephen Hawking, A Brief History of Time (1988), kiliuzwa nakala zaidi ya milioni 10. Kinaanza na kisa cha bibi kizee anayesimama baada ya mhadhara wa falaki na kumwambia mwanasayansi kwamba dunia ni sahani iliyobebwa na kobe mkubwa. Akiulizwa kobe naye anasimama juu ya nini, anajibu kwamba ni kobe juu ya kobe hadi chini kabisa. Huyu ndiye mrithi wa Marquise: yuko katika aya za kwanza tu, ni kichekesho, na hatasikika tena. Ni kweli Hawking anaongeza papo hapo kwamba hakuna sababu ya kudhani tunajua zaidi yake, lakini ukarimu huo haumpi bibi kizee nafasi ya swali la pili.

Hata hivyo msikilizaji alikuwapo. Katika shukrani zake Hawking anamtaja mhariri wake, Peter Guzzardi, aliyemletea kurasa na kurasa za maswali kuhusu kila jambo aliloona halijaelezwa vya kutosha. Ndipo pia panapotajwa onyo kwamba kila mlinganyo mmoja ungepunguza mauzo kwa nusu, na kitabu kikabaki na mlinganyo mmoja tu, ule wa Einstein wa nishati na tungamo. Kwa hiyo mazungumzo yalifanyika, lakini kabla ya kitabu. Msomaji anapewa majibu ambayo maswali yake yamefutwa, na pengine hii ndiyo sababu moja ya wanunuzi wengi kutajwa kuwa hawakukimaliza: si kwamba maelezo ni magumu mno, bali mapigo ya kuuliza na kujibu, ambayo ndiyo yaliyompa msomaji wa Algarotti pumzi, hayamo.

Katika kitabu hicho Hawking anasimulia dau aliloweka na Kip Thorne kuhusu Cygnus X-1, iwapo chanzo hicho cha mionzi ya eksirei kina shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka 1990. Habari za Cygnus X-1 zina mkono wa Kiswahili ndani yake. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa falaki ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, nayo ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilionyesha kwamba mionzi ya Cygnus X-1 hubadilika katika muda usiofika sekunde moja, ishara kwamba chanzo chake ni kidogo mno kwa kipimo cha nyota. Orodha za vyanzo ilizogundua bado zinatumika. Nyota ambazo jina lake huanza na 4U zimebeba herufi ya kwanza ya neno hilo, kutokana na orodha ya nne ya Uhuru.

Kiswahili kinaikabili falaki kikiwa na hazina yake: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali kutoka elimu ya Waarabu, na Kilimia, kundi la nyota lililopata jina kutokana na kulima. Kina mtego wake pia, maana kupiga falaki ni kubashiri, na mtu asemapo elimu ya nyota hajasema bado ni ipi kati ya mbili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilitoa istilahi kwa sehemu kubwa ya fizikia ya shule. Istilahi, lakini, ni upande wa anayejibu. Upande wa anayeuliza haupatikani kwa kusanifiwa na kamati. Neno "shimo jeusi" limetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ambako John Wheeler alilieneza tangu 1967. Mtu aliyekulia katika Kiswahili na aliyewahi kuchimba kisima au choo anajua kwamba shimo lina ukingo, lina kitako, na udongo uliotolewa umerundikwa mahali. Atauliza: hili limechimbwa katika nini, na ukingo wake ukiguswa huguswa nini? Mwanafizikia atalazimika kumwambia kwamba hakuna kilichochimbwa. Kwamba mada imejikusanya pamoja badala ya kuondolewa. Na kwamba ukingo huo si kitu cha kugusika, bali ni mpaka ambao aliyeuvuka hawezi kurudi, wala nuru yake haiwezi. Kisha itabidi asubiri aulizwe yeye aliyevuka alijuaje kwamba amevuka.